Mkalimani wa Mchungaji Labda

Jumamosi hiyo jua lilikuwa limeshaegemea mapaa ya bati wakati mchungaji alipotoka nyumbani kutafuta mtu wa kumtafsiria mahubiri ya kesho yake. Shughuli ndogo tu. Dada yake alimwambia asichelewe, chakula kitapoa, naye akajibu kwamba labda hatachelewa.

Labda. Vijana wa kwaya ndio waliombandika jina hilo, likamkaa kama shati la kupimiwa. Mchungaji Labda. Labda Bwana anatuita tutubu. Labda yupo mtu hapa mwenye mzigo. Maandiko aliyajua, tena kwa undani wa kuwachosha watu, lakini akisimama mimbarani magoti yaligongana na sauti ikamnywea. Watu walipiga miayo bila hata kuziba midomo. Wengine walishahamia kanisa la jirani, ambako mhubiri alinguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Mzee wa kanisa alikuwa amemvuta pembeni akamwambia, kwa ule upole unaouma kuliko tusi, "Mchungaji, unachosema hatuna shida nacho. Shida ni kwamba wewe mwenyewe huonekani kukiamini."

Maneno hayo yalimkata maini, kwa sababu alikiamini. Alikiamini kuliko wote waliokuwa wakinguruma. Alichokosa ni kifua, na kila usiku alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kifua hicho, tena akiomba kwa wivu.

Kanisa lenyewe lilikuwa ghala la zamani la saruji. Nusu ya waumini walikuwa wageni waliofuata kazi kiwandani, nusu wenyeji walioisikia lugha ya mahubiri kwa shida. Kwa hiyo mhubiri alisimama na mkalimani ubavuni: huyu sentensi, yule sentensi. Mhubiri akiinua mkono, mkalimani anainua. Akilia, analia. Na palikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Mhubiri hamsahihishi mkalimani mbele ya watu. Akikosea unameza, ibada ikiisha mnaelewana nyuma ya pazia. Kumsahihisha mtu mimbarani ni kumvua nguo.

Mkalimani wa miaka yote alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, na katikati ya wiki hiyo sauti yake ilikauka ghafla. Mchungaji alimkuta amekaa kitandani, taulo shingoni.

"Bado tu, Mwalimu?"

Mwalimu akatikisa kichwa, kisha akamwita kwa kidole asogee. Mnong'ono wake ulikwaruza kama kiatu kwenye mchanga.

"Kesho hubiri peke yako."

"Wenyeji hawataelewa."

"Bora wasielewe." Akakohoa, akashika koo. "Akija mtu kujitolea... usimpokee."

"Mtu gani?"

Mwalimu aligeukia dirishani, akatazama nje kwa muda kama anayehakikisha kitu. Mkewe akaingia na beseni la maji ya moto, na mazungumzo yakafia hapo.

Njiani kurudi, giza lilikuwa linashuka. Mchungaji alipita kanisani kuhakikisha kufuli. Kufuli halikuwapo, na mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja.

Ndani, mtu alikuwa anahubiri.

Alisimama pale nje akisikiliza. Yalikuwa mahubiri yake. Ya kesho. Yale aliyoyaandika mchana ule ule, ambayo karatasi yake ilikuwa mfukoni mwake, haijasomwa na mtu. Neno kwa neno. Ila sauti ile... sauti ile haikuwa na labda hata moja. Ilipanda, ikashuka, ikanong'ona, ikapasuka, na mchungaji, badala ya kukimbia kama ambavyo mtu mwenye akili angefanya, alijikuta machozi yanamlengalenga.

Akasukuma mlango.

Harufu ndiyo iliyompokea. Tamu, nzito, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mbele, mwanamume wa makamo mwenye suti ya kahawia alikuwa amesimama, si katikati ya mimbari, bali kushoto, mahali pa mkalimani. Kila alipomaliza sentensi aligeukia nafasi tupu iliyokuwa ubavuni mwake, akasubiri kidogo, kisha akaendelea.

"Nimesikia mnahitaji mkalimani," alisema bila kugeuka.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Kila usiku, kando ya kitanda."

"Mimi niliomba ujasiri."

"Ndiyo."

Bati la paa lililia kidogo, likipoa.

"Unataka nini kwangu?"

"Adabu ya kazi tu," mgeni akasema. "Usinisahihishe mbele ya watu."

Mchungaji alimkumbuka Mwalimu na taulo lake. Kisha akakumbuka miayo. Ilimchukua muda mfupi wa aibu kuamua, na hata alipoamua alisema, "Labda tujaribu kesho."

Mgeni akatabasamu. "Hilo neno la kwanza sitalitafsiri."

*

Na kweli hakulitafsiri.

Jumapili hiyo mchungaji alianza kwa kigugumizi chake kile kile, "Labda leo Bwana ana neno nasi," na kabla hajavuta pumzi mgeni akaliachia kwa lugha ya wenyeji: Bwana yupo hapa, na ana neno nawe. Wenyeji wakanyoosha migongo. Mchungaji alizisikia lugha zote mbili, akaona tofauti, akasema moyoni kwamba ni neno moja tu, si kitu. Sentensi ya pili, vilevile. Kufikia katikati, hata waliozijua lugha zote mbili walikuwa wamegeuza shingo kwa mgeni, na mama mmoja wa safu ya nyuma alikuwa chini akilia. Mchungaji alipoteremka, mikono iliyonyooshwa kumsalimu ilikuwa mingi kiasi cha kumzuia njia. Mikono yote ilimtafuta yeye. Hakuna aliyemsalimu mkalimani. Hakuna hata aliyemwona akitoka.

Nyumbani dada yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, macho mekundu.

"Leo umeniliza, mdogo wangu," alisema. "Nilijua tu. Ipo siku utanguruma, nilikuwa nasema, nao walikuwa wananicheka."

Huyu dada ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, aliacha shule akakalia cherehani, na kila darasa alilosoma mdogo wake lilipitia kwenye sindano ile. Na palikuwa na sindano nyingine. Asubuhi na jioni alijidunga dawa ya sukari, tangu usichana wake, na chupa za dawa zilikaa kwenye friji, rafu ya maziwa. Alijidunga huku akipiga stori, bila hata kutazama. Mchungaji hakuwa na mtu mwingine duniani, na mtu huyo aliishi kwa chupa zile.

Majuma yakapita. Ghala likajaa, viti vikaongezwa, waliohama wakarudi wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Mchungaji alianza kutembea kifua mbele na kuvaa tai hata siku za kazi. Alivimba kichwa, tuseme ukweli. Aligundua kwamba mgeni sasa alianza kutafsiri kabla yeye hajamaliza sentensi, wakati mwingine kabla hajaianza, na haikumsumbua. Hakuuliza mgeni analala wapi. Siku moja Mwalimu alikuja, akakaa nyuma kabisa na taulo lake, akaondoka katikati ya mahubiri akiwa ameziba masikio.

Kisha ikaja Jumapili ya wagonjwa.

Mchungaji alikuwa ameiandaa kwa uangalifu. Alisema, "Yupo mtu hapa anayeumwa. Tutamwombea, naye aendelee na dawa zake, kwa maana daktari pia ni mkono wa Mungu."

Mgeni akatafsiri: "Yupo mtu hapa aliyekuwa anaumwa. Amepona. Anayeshika dawa baada ya leo, ameuachilia mkono wa Mungu."

Watu wakalipuka. Ghala zima lilisimama.

Mchungaji aliganda. Hili halikuwa neno moja. Akafungua mdomo... na ile adabu ikamshika koo. Si mbele ya watu. Atamsubiri nyuma ya pazia. Ibada ikiisha ataeleza, taratibu, bila kumvunjia mtu heshima.

Hapo ndipo alipomwona dada yake akija mbele.

Alikuwa anatembea kama bibi harusi. Mkononi alishika kile kikopo cha barafu alichobebea dawa kila atokapo. Akapiga magoti, akatoa chupa moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni. Alipomaliza akanyanyua uso kumtazama mdogo wake, na uso ule ulikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuiona juu yake, hata siku yeye mchungaji alipohitimu.

Kelele zikakatika. Watu walikuwa wanamsubiri mchungaji. Na mgeni, kwa mara ya kwanza, hakutangulia. Alifunga mdomo, akamgeukia, akainamisha kichwa kama mkalimani mwema yeyote.

"Sema," alinong'ona. "Nitatafsiri."

Neno moja lingetosha. Dada, hapana. Watoto wanaweza kulisema. Lakini mchungaji aliziangalia zile nyuso, zimejaa hadi milangoni, zote zinamtaka yeye. Akafikiria zitakavyobadilika akisema mkalimani alikosea, akafikiria miayo.

"Amepona," alisema.

Alilisema kwa sauti kubwa, safi, bila kutetemeka. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mgeni hakuhitaji kuongeza chochote. Dada akainuka, akakanyaga chupa kwa kisigino, na sauti ya vioo ikamezwa na amina.

*

Jioni ile, mezani, mchungaji alisema, "Dada... labda ungeendelea na dawa kidogo, kwa tahadhari tu."

Dada akacheka, akampiga kibao chepesi begani. "Unanijaribu. Hata za kwenye friji nimeshazimwaga. Leo nimekusikia mwenyewe. Ile haikuwa sauti ya labda."

Angeweza kusisitiza. Hakusisitiza. Akilini mwake ilikuwa imeshaingia picha ya Jumapili ijayo, dada amesimama mbele anatoa ushuhuda, mzima, na watu wamefurika hadi barabarani. Alijiambia kwamba Mungu anaweza. Siku iliyofuata dada alikunywa maji mtungi mzima na bado midomo ilimkauka. Iliyofuata alitapika. Mchungaji aliomba, akatazama, akangoja. Pumzi za dada zikawa ndefu, nzito, za mtu anayepanda mlima, na alipomwinamia kumfuta uso aliisikia harufu mdomoni mwake.

Matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Akaruka nyuma. Kisha woga aliokuwa ameulaza siku zote hizo ukaamka wote kwa pamoja.

"Dada, inuka twende hospitali," alisema. "Nilikosea. Hujapona. Unasikia? Hujapona, unakufa, inuka."

Dada hakumtazama. Alikuwa amegeuza shingo, polepole, kuelekea pembe ya chumba, kati ya kabati na ukuta. Pembe ilikuwa tupu. Alisikiliza kwa makini, kama mwenyeji anayesubiri sentensi yake. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo," alisema. "Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Umesema nisiogope."

Mchungaji alipiga kelele. Alimshika mabega, akamtikisa, akamwambia wazi kwa kila lugha aliyoijua. Kila alipomaliza, dada aligeukia pembeni, akasikiliza, akatabasamu. Midomo iliyopasuka ilikuwa inatoa damu kwa kutabasamu.

Akakimbilia zahanati bila viatu. Muuguzi wa zamu alikuwa anafunga dirisha. Mwanga wa jioni nyuma ya nyumba ulikuwa unaisha. Mchungaji alishika nondo za dirisha.

"Dada yangu ana sukari. Aliacha sindano. Njoo na dawa, nakuomba, njoo sasa hivi."

Macho ya muuguzi yalimwacha yakaenda nyuma ya bega lake. Yakatulia hapo. Alikuwa anasikiliza.

Mchungaji hakuthubutu kugeuka. Harufu ilikuwa shingoni mwake.

"Amina, Mchungaji," muuguzi alisema mwishowe, akajifuta machozi. "Asante kwa kuja kunishirikisha. Imani kama hii mimi sijawahi kuiona." Akafunga dirisha, na kutoka ndani akamsikia anaanza kuimba.

Aliwakuta majirani wamejaa uani, nao wanaimba. Alijaribu kumbeba dada mgongoni amtoe nje. Walimpokea, wakamrudisha kitandani kwa upole mwingi, wakamfunika, wakamshukuru mchungaji kwa kumwinua mgonjwa mbele za Bwana. Dada alikata roho wakiwa katikati ya ubeti. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa mdogo wake, lakini uso ulikuwa umegeukia pembeni.

*

Mwalimu alikuja kumpa pole. Walikaa kwenye benchi nje ya jiko.

"Alinijia ujanani," Mwalimu akanong'ona. "Nilipotaka kuhubiri."

"Ni nani?"

"Sijui. Nilimfukuza, nikakubali kuwa wa pili. Nikasimama pahali pale miaka yote ili asipate nafasi." Akashika koo. "Safari hii alinizidi."

"Mbona anageuza maneno yangu?"

Mwalimu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa kali kuliko kipigo.

"Hageuzi kitu, mwanangu. Hatafsiri unachosema. Anatafsiri unachotaka."

"Nilitaka dada apone."

"Ulitaka hilo tu?"

Mchungaji aliinuka akaingia ndani, na moyoni alimchukia yule mzee.

Usiku ule hakulala. Kulipokucha alikuwa ameamua. Hatakuwa na mkalimani. Atasimama mbele ya jeneza, atasema yote kwa lugha zote mbili kwa kinywa chake, wamtemee mate, wamfukuze, wampeleke polisi wakitaka. Alioga, akavaa suti bila tai. Kwa mara ya kwanza maishani alikwenda mimbarani magoti yake yakiwa matulivu.

Ghala lilifurika. Jeneza lilikuwa mbele, na nafasi ya kushoto ilikuwa tupu. Aliitazama mara mbili kuhakikisha.

"Dada yangu hakufa kwa mapenzi ya Mungu," alisema. "Nimemuua mimi. Nilisema amepona, na nilijua ni uongo. Nilisema kwa sababu mlikuwa mnanitazama."

Alihisi mzigo unateleza mabegani, na machozi yakamtoka, ya moto, ya kweli. Akayasema tena kwa lugha ya wenyeji, kila neno mahali pake.

Kisha safu ya mbele ikageuza shingo kushoto.

Na ya pili. Na ya tatu. Ghala lote, nyuso zote, kwa pamoja.

Harufu ikamfikia kabla hajageuka.

"Msimsikilize," alisema. "Mnamsikiliza mtu huyu? Hapana. Mimi. Nisikilizeni mimi. Kunyweni dawa zenu. Nendeni hospitali. Mimi ni mwongo." Alikuwa anahubiri kwa nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo, mishipa imemsimama shingoni, mikono juu, hakuna chembe ya shaka katika sauti yake, na kila alivyozidisha nguvu, mikono ya watu ilizidi kuinuka. Amina ya kwanza ilitoka nyuma. Zikafuata nyingine. Watu walikuwa wanalia kwa furaha mbele ya jeneza la dada yake.

Mahali fulani ndani yake, chini kabisa, kitu kidogo kilisikia zile amina kikafurahi. Alikisikia kikifurahi.

Mama mmoja kijana aliinuka wa kwanza. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, na mkononi alikuwa na kile kidude cha kuvuta dawa ya pumu. Akakiweka sakafuni, karibu na jeneza. Nyuma yake mzee mwenye mkongojo akatoa vidonge vya presha. Nyuma ya mzee, mstari ulikuwa unaanza kujipanga, na mwisho wake haukuonekana mlangoni.

Mchungaji akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akauma viganja mpaka akaonja damu, asitoe hata pumzi.

Ubavuni, mgeni akaendelea kutafsiri.